Nusu ya Kampuni Iko kwa Binamu Aliyeondoka

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Mwanza, na ninaongoza kampuni ndogo ya programu za kompyuta niliyoianzisha mwaka 2018 pamoja na binamu yangu, mtoto wa mjomba. Ninaandika kwa sababu natakiwa kumjibu mwekezaji kabla mwezi ujao haujaisha, na kila jibu ninalolifikiria naona litavunja kitu ambacho sitaweza kukiunga tena.

Nianze na kazi yetu. Wateja wetu ni maduka ya dawa muhimu, yale ambayo wengi bado huyaita maduka ya dawa baridi. Kabla ya kampuni nilikuwa muuzaji katika duka moja la namna hiyo huko Sengerema. Kila mwisho wa mwezi nilipanda juu ya stuli nikiwa na tochi ya simu, nikashusha boksi moja moja na kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi iliyogongwa kwa herufi ndogo pembeni mwa pakiti, kisha nikaiandika kwenye kaunta buku. Dawa ikishapitwa na tarehe, hasara ni ya mwenye duka, na mkaguzi akiikuta rafuni ni kesi nyingine. Binamu yangu alikuwa anamaliza shahada ya sayansi ya kompyuta Dar es Salaam. Alikuja likizo, akaniona ninavyohangaika, akaanza kuandika programu ya simu inayomkumbusha muuzaji dawa gani inakaribia kuharibika na dawa gani imekwisha. Mimi nilijua duka na yeye alijua kompyuta.

Mtaji ulitoka kwa Mjomba. Aliuza kiwanja chake cha Buswelu akatupa shilingi milioni 12, bila karatasi yoyote, akasema fedha hizo ni za wote wawili na tusije tukagombana. Tulipoisajili kampuni BRELA tuligawana hisa sawa kwa sawa, 50 kwangu na 50 kwake, kwa sababu ndivyo Mjomba alivyotaka na kwa sababu hapakuwa na hesabu nyingine iliyotujia kichwani.

Kwa miaka miwili binamu alifanya kazi usiku na mchana bila mshahara, na hilo sitalikana. Mwishoni mwa 2020 alipata ajira katika kampuni moja Berlin, Ujerumani. Sikumlaumu, kwani kampuni yetu ilikuwa haimlipi mtu na mkewe alikuwa mjamzito. Tuliagana vizuri, akaahidi kuendelea kusaidia kila jioni. Mwanzoni alisaidia kweli. Baadaye ikawa mara moja moja, na siku hizi hata ujumbe wa simu hukaa wiki nzima bila kujibiwa. Programu aliyoiandika tumeiandika upya karibu yote. Niliyezunguka nayo Geita, Simiyu na Kagera, nikivuka na kivuko cha Kigongo na Busisi kabla ya daraja, nikawafundisha wauzaji mmoja mmoja, ni mimi. Leo maduka zaidi ya 400 yanatutumia na tuna wafanyakazi 11. Mimi mwenyewe nilianza kujilipa mshahara mwaka 2022.

Sasa amekuja mwekezaji, mfuko wa nje ya nchi, anayetaka kuweka dola 250,000 na kupewa asilimia 20 ya kampuni. Ana masharti matatu. Kampuni mama isajiliwe Delaware, Marekani, na hii ya Mwanza iwe kampuni tanzu. Hisa za binamu zishuke hadi asilimia kumi kabla fedha hazijaingia, kwa kuwa, kwa maneno yao, hawawezi kuwekeza mahali ambapo nusu ya umiliki imelala. Na tufikishe maduka 3,000 katika miezi 18.

Nilipomweleza Mjomba, alinyamaza kwa muda, kisha akasema mali bila daftari huisha bila habari, na kwamba anaona kiwanja chake kinaondoka mara ya pili. Mama ameniambia waziwazi nisimnyang'anye mtoto wa kaka yake. Mwekezaji anasema hisia za familia zisiingizwe katika biashara. Naye mhasibu wetu anasema jambo hili ni jepesi: akaunti ya kampuni kwenye mfumo wa usajili naiendesha mimi, namba ya NIDA ya binamu ninayo, saini yake ipo kwenye nyaraka za zamani, na yeye hafuatilii chochote, hivyo mabadiliko ya hisa yanaweza kupita kimyakimya na tukaja kumweleza baadaye fedha zikishaingia.

Je, ni dhuluma kumwomba mtu aliyeondoka aachie alichokiacha? Au nikatae fedha hizi, niendelee kukua kwa mwendo huu wa konokono, nikijua kuwa nusu ya kila tone la jasho langu ni ya mtu asiyejibu simu?

Ni mimi,
Mwenye Nusu, Mwanza


JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nashukuru kwamba hukumpaka matope binamu yako ili upate urahisi wa kumhukumu. Umesema wazi kuwa alifanya kazi, na umesema wazi kuwa aliacha. Yote mawili ni kweli, na ugumu wa jambo lako umetoka hapo.

Nikuelewavyo, una kampuni inayoishi kwa jasho lako, mwenzako mwenye nusu ambaye kazi yake ilikwisha miaka mingi iliyopita, mzee aliyetoa kiwanja bila karatasi, na mgeni mwenye fedha anayetaka yote hayo yanyooshwe ndani ya wiki chache. Kila mmoja wao anazungumza kana kwamba kuna swali moja tu. Kwa mwekezaji swali ni hisa, kwa mama yako ni undugu, na kwa mhasibu ni fomu. Nadhani yamechanganyika mambo ambayo yangepaswa kukaa mbalimbali: fedha ya Mjomba, kazi ambayo binamu alikwisha kuifanya, na kazi ambayo wewe unaifanya hadi leo. Mlipoandika 50 kwa 50 mliyatia yote katika tarakimu moja, na tarakimu hiyo sasa imeshindwa kuyabeba.

Kabla ya kuyachambua, niseme kitu nilichokikosa katika barua yako. Umezungumza na mwekezaji, umezungumza na mhasibu, umezungumza na Mjomba na mama. Sikuona popote kwamba umezungumza na binamu. Umenieleza kwamba hajibu ujumbe upesi, lakini ujumbe wa kuulizia hitilafu ya seva na ujumbe wa kusema "tumepata mwekezaji, na nusu yako ndiyo inayozungumzwa" ni vitu viwili tofauti. Inawezekana unadhani unalijua jibu lake. Inawezekana pia kwamba kwa miaka hii yote yeye anaona haya kuuliza habari za kampuni aliyoiacha mikononi mwako, na wewe unaisoma haya hiyo kama kutojali. Mimi sijui ni lipi kati ya hayo, na kwa barua hii naona nawe bado hujui.

Sasa nije kwenye hisa. Swali la msingi, kwa maoni yangu, ni hili: nusu ile mlipeana kwa ajili ya nini? Kama ilikuwa malipo ya kuanzisha, basi binamu alikwisha kulipa kwa ile miaka miwili na nusu ni yake, hata akikaa Berlin maisha yake yote. Kama ilikuwa ahadi ya kuijenga kampuni pamoja hadi isimame, basi aliitimiza kwa sehemu. Hamkuandika, kwa hiyo hakuna karatasi itakayowaamulia. Waanzilishi wengi, Tanzania na kwingineko, huanza hivyo hivyo, kwa sababu siku ya kusajili kampuni hakuna mtu anayetaka kuzungumzia siku ya kuachana.

Wenzetu wa sekta hii walitafuta dawa yake zamani. Siku hizi mikataba mingi ya waanzilishi husema kwamba hisa za mtu huwa zake kidogo kidogo kadiri anavyobaki kazini, mara nyingi kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha hapati kitu. Kipimo hicho kikitumika kwenu, miaka miwili kati ya minne ingempa binamu hisa 25 kati ya zile 50. Ni hesabu yenye sura ya haki, na unaweza kumpelekea kama pendekezo. Usimpelekee kama deni, maana mwaka 2018 hakuna kati yenu aliyelikubali sharti hilo.

Hata hesabu yenyewe ina mtego, nami ningependa uukague kwa kalamu na karatasi. Binamu akikuhamishia wewe hisa 25, utakuwa na 75 naye 25, yaani robo. Lakini kama hisa hizo zitafutwa badala ya kuhamishwa, kampuni itabaki na hisa 75 tu, wewe 50 naye 25, na hiyo ni theluthi. Watu wawili wanaweza kukubaliana "apunguziwe nusu" kwenye simu, wakashikana mikono, kisha wakagombana kwa wakili kwa sababu mmoja alifikiria robo na mwingine theluthi. Tena njia hizo mbili hazilingani kisheria wala kikodi: kuhamisha hisa kunapitia TRA, na kufuta hisa ni kupunguza mtaji wa kampuni, jambo lenye utaratibu mrefu zaidi. Nenda na swali hilo kwa wakili kabla hujaenda nalo kwa binamu.

Na hii asilimia kumi imetoka wapi? Mwekezaji anapotoa dola 250,000 kwa asilimia 20, amekiri kwamba kampuni yenu kabla ya fedha zake ina thamani ya dola milioni moja. Kwa kipimo chake mwenyewe, kumwomba binamu ashuke kutoka hisa 50 hadi kumi kati ya mia ni kumwomba aachie kitu ambacho karatasini kina thamani ya dola 400,000. Sisemi kwamba ni fedha iliyopo mfukoni. Bila miaka yako ya kuvuka Busisi, hisa zake zisingekuwa na thamani ya nauli ya kivuko, na hilo unayo haki ya kumwambia. Ila ukimpigia simu ukidhani unamwomba akutolee takataka chumbani, utashangaa sauti itakavyobadilika upande wa pili.

Inafaa kumuuliza mwekezaji anachokiogopa hasa. Mara nyingi hofu ya wawekezaji ni kura. Mtu mwenye nusu ya kampuni asiyepatikana anaweza kuzuia kila azimio, kwa kuwa hata uamuzi wa kawaida wa wanahisa unahitaji zaidi ya nusu ya kura, na maazimio mazito yanahitaji robo tatu. Ikiwa hofu ni hiyo, kuna njia ya kuitibu bila kumpokonya binamu manufaa ya kazi yake: anaweza kubaki na hisa nyingi kuliko kumi na kukukabidhi wewe haki ya kuzipigia kura kwa mkataba, au hisa zake zigeuzwe ziwe za aina isiyo na kura. Ikiwa hofu si kura, na wanachotaka ni kupata nafasi ya kugawia wafanyakazi wapya hisa, hilo nalo lina hesabu yake, na mzigo huo mnaweza kuubeba wote watatu. Sharti lililoandikwa kwa tarakimu moja huwa na sababu nyuma yake, na sababu ndiyo inayojadilika.

Kuna kisa kimoja cha kampuni kubwa ambacho nadhani kinakugusa. Bill Gates na Paul Allen walipoanzisha Microsoft mwaka 1975 walikuwa marafiki tangu shuleni. Allen alikuwa bado ameajiriwa na kampuni nyingine na analipwa mshahara, hivyo Gates akataka mgawanyo uwe 60 kwa 40, kisha baadaye ukawa 64 kwa 36. Yaani suala la nani anafanya kazi wapi na nani anamlipa liliingizwa katika hesabu mapema, wakati kampuni ilikuwa bado haina thamani ya kugombewa. Mwaka 1982 Allen aliugua saratani. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyatoa miaka mingi baadaye, siku moja aliwasikia Gates na Steve Ballmer, mwenzao kazini, wakizungumzia namna ya kupunguza hisa zake. Waliomba radhi, lakini aliondoka mwaka uliofuata. Gates alitaka kuzinunua hisa zake kwa dola tano kila moja, Allen akasema si chini ya kumi, na biashara ikafa hapo. Akabaki nazo. Microsoft ilipouza hisa kwa umma Machi 1986, uamuzi wa kutouza ukamweka katika safu ya matajiri wa dunia.

Unaweza kukisoma kisa hicho upande wowote unaoutaka. Mama yako atasema: mwaona, aliyeondoka alikuwa na haki yake, na kampuni haikufa kwa sababu hiyo. Mwekezaji atasema: mwaona, mtu alikaa nyumbani akatajirika kwa jasho la waliobaki. Mimi kinachonisimamisha ni lile la kusikia. Punguzo lenyewe halikufanyika, na bado mazungumzo ya pembeni yaliacha kidonda ambacho Allen alikuwa bado anakisimulia baada ya karibu miaka 30.

Ndiyo maana shauri la mhasibu linanitia wasiwasi kuliko masharti yote ya mwekezaji. Kutumia saini ya mtu bila ridhaa yake ili kubadilisha umiliki wake ni kughushi, na kughushi ni kosa la jinai, liwe limefanyika kwa nia njema au mbaya. Tukiliweka hilo kando, angalia matokeo ya kibiashara. Mawakili wa mwekezaji watataka kuona azimio la wanahisa na hati ya kuhamisha hisa, na siku yoyote binamu atakapofungua jalada la kampuni, umiliki wa wote, pamoja na wa mwekezaji, utakuwa na kesi. Tena saini yake unaihitaji kwa jambo jingine ambalo hukulitaja. Programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na mwenye haki ya kwanza ni aliyeiandika, isipokuwa kama ajira au mkataba unasema vingine. Binamu hakuwa na mshahara, na sidhani kama alikuwa na mkataba. Umesema mmeiandika upya "karibu yote". Mwekezaji makini atakuuliza kuhusu hilo "karibu", naye atataka hati ambayo binamu anaikabidhi kampuni haki za alichokiandika. Kwa hiyo njia ya kumzunguka haipo, hata kwa asiyejali sheria. Na mhasibu anayependekeza njia hiyo, hata kama anakupenda, nisingemwachia funguo za sefu.

Kuhusu Delaware nitasema kidogo. Wawekezaji wa Marekani huipenda kwa sababu sheria zake za kampuni zinajulikana, na mahakama yake maalumu ya mambo hayo imekuwapo tangu 1792, hivyo mawakili wao wanajua mashauri yataamuliwaje. Kwa mwekezaji wa namna hiyo sharti hili ni la kawaida. Kwako lina gharama za kila mwaka katika nchi mbili, na lina swali la kodi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania huangalia umiliki wa kampuni unapobadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu, na mabadiliko hayo yanaweza kuhesabiwa kana kwamba mali za kampuni zimeuzwa. Vifungu vya kodi hurekebishwa na Sheria ya Fedha mwaka hadi mwaka, kwa hiyo huyu awe mshauri wa kodi, asiwe mhasibu wa vitabu. Vilevile, ikiwa programu yenu inahifadhi majina ya wagonjwa na dawa walizonunua, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi. Uliza pia hisa za mwekezaji zitakuwa za aina gani. Zikiwa hisa za upendeleo zinazolipwa kwanza, na siku moja kampuni ikauzwa kwa dola 300,000, yeye anaweza kuchukua 250,000 zake kabla yenu, na ninyi mkagawana hizo 50,000 zilizobaki. Asilimia zote tulizozihesabu huko juu hazisemi lolote kuhusu siku hiyo.

Lakini sharti ambalo naona umelipita haraka mno ni la maduka 3,000. Kutoka 400 hadi 3,000 kwa miezi 18 ni kuongeza maduka zaidi ya 140 kila mwezi. Haya 400 uliyapata kwa miguu yako, ukimfundisha muuzaji mmoja mmoja. Je, unajua kila duka jipya linakugharimu shilingi ngapi hadi lianze kulipa ada, na linabaki kwa muda gani? Kati ya hayo 400, ni mangapi yanalipa kila mwezi bila kukumbushwa? Nani atakayekwenda Mbinga au Kondoa kufanya ulichokifanya Sengerema, na atalipwa kwa fedha ya ada au kwa fedha ya mwekezaji? Copia ya Kenya ilikusanya mitaji ya zaidi ya dola milioni 100 ikiwauzia bidhaa watu wa vijijini kupitia mawakala, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Sitaji majina hayo ili nikutishe. Fedha iliwasaidia kufika mbali, lakini haikuweza kuifanya hesabu ya mteja mmoja itoe faida pale ambapo ilikuwa haitoi.

Umeuita mwendo wako wa konokono. Mimi nikitazama kutokea huku naona kampuni inayowalipa watu 11 mshahara bila fedha ya mgeni, katika biashara ambayo mteja wake ni duka dogo linaloogopa mkaguzi. Huenda ni mwendo wa polepole mno, kwani mshindani mwenye mtaji anaweza kufungua ofisi hapo Kirumba kesho na kugawa bure unachouza wewe, na hiyo ni hatari ya kweli ya kukataa. Huenda pia ni mwendo unaolingana na soko lenu. Kati ya kukubali na kukataa kuna nafasi: fedha kidogo zaidi kwa lengo dogo zaidi, au mkoa mmoja mpya kwanza, au mkopo ambao hauhitaji hisa za mtu, japo benki itataka dhamana, na familia yenu imeshauza kiwanja kimoja. Uliza tu, kwa kila njia, nani atabeba hasara ikishindikana. Katika pendekezo lililopo mezani, mwekezaji ana kampuni nyingine za kuhangaikia, wewe una hii moja.

Nirudi kwa Mjomba, maana nadhani ndiye anayeumia kimya kuliko wote. Mnamzungumza kana kwamba yeye ni sauti ya binamu, lakini dai lake ni lake mwenyewe. Alitoa shilingi milioni 12 na hana hisa hata moja, wala hati ya mkopo. Ikiwa fedha ile ilikuwa zawadi, asikie mkisema hivyo na mkimshukuru mbele ya watu. Ikiwa ilikuwa mkopo, unaweza kulipwa sasa, pamoja na kitu cha juu, na kiasi hicho hakitaiangusha kampuni. Ikiwa ilikuwa mtaji, basi huenda sehemu ya hisa ambazo binamu ataachia zinapaswa kwenda kwa baba yake badala ya kuja kwako, na hapo mazungumzo yote na mama yako yatabadilika sura. Unaweza kugundua kwamba alichokiita kunyang'anya kilikuwa kwa sehemu kubwa hofu ya kuona kiwanja cha kaka yake hakitajwi popote. Vyovyote itakavyokuwa, iandikwe kabla mawakili wa mwekezaji hawajaiuliza, na iandikwe Mjomba akiwapo.

Kwa binamu nisingeanza na waraka wala na pendekezo la asilimia. Ningeomba saa moja ya simu, siku ya mapumziko, nikamweleza kampuni ilipofika: maduka, wafanyakazi, mshahara ulioanza lini, mwekezaji anataka nini. Kisha ningemuuliza yeye aliielewaje ile nusu mwaka 2018, na angependa awe nani katika kampuni hii miaka mitano ijayo. Anaweza kukuambia kwamba anataka kurudi. Anaweza kukuambia kwamba amekuwa akisubiri uulize ili ajitoe kwa heshima. Anaweza pia kusimama kwenye nusu yake bila kutetereka, na hapo utakuwa na uamuzi mgumu, lakini utakuwa ni uamuzi unaoujua ukubwa wake. Mazungumzo ya asilimia yaje siku nyingine, kila mmoja akiwa na wakili wake. Wakili wa kampuni hawezi kuwa wake pia.

Hayo yote hayatakamilika kabla mwezi ujao haujaisha, nawe usijaribu kuyalazimisha yakamilike. Mwekezaji anaweza kuombwa muda zaidi kwa barua fupi inayosema kwamba unarekebisha daftari la wanahisa kwa njia halali, na ombi la namna hiyo ni la kawaida sana katika biashara yao. Akikubali, utapata nafasi ya kufanya kazi yako kwa utulivu. Akikataa hata hilo, utakuwa umejua mapema kitu kuhusu mtu utakayekaa naye kwenye bodi kwa miaka mingi.